Vijana wanapoihama nchi: Kazi ya ughaibuni si badala ya kazi ya nyumbani

MWAKA 2024 uliacha picha mbili za kijana wa Kenya ambazo ni vigumu kuzitenganisha. Mwezi Juni maelfu ya vijana waliingia katika barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 ya mwezi huo baadhi yao wakafika hadi ndani ya majengo ya Bunge. Miezi isiyotimia mitatu baadaye, Septemba 13, Rais William Ruto na Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, walikuwa jijini Berlin kushuhudia makubaliano ya uhamiaji yaliyolenga kuwafungulia Wakenya wenye ujuzi milango ya soko la kazi la Ujerumani.

Nyumbani makubaliano hayo yalipokewa kwa kishindo, na idadi ya nafasi 250,000 ikatajwa na kurudiwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani haikukawia kukanusha. Ilieleza kwamba hati iliyotiwa saini haikuwa na idadi yoyote ya wafanyakazi, na kwamba kila mwombaji angelazimika kutimiza masharti ya sheria ya nchi hiyo kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi.

Baina ya barabara za Nairobi na meza ya Berlin ndipo lilipo swali ambalo Kenya, na kwa kiasi kikubwa nchi jirani zake, haijalijibu. Je, kumsafirisha kijana ni sehemu ya mpango wa kumpatia maisha, au ni njia ya kuahirisha swali la kwa nini hakuyapata maisha hayo alipozaliwa?

Hesabu isiyotoshana

Inakadiriwa kwamba kati ya vijana 800,000 na milioni moja huingia katika soko la ajira nchini Kenya kila mwaka. Kwa mujibu wa Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, uchumi wa nchi hiyo ulizalisha nafasi mpya za kazi 782,300 katika mwaka 2024. Kwa juu juu hesabu hiyo inaelekea kutoshana, na wanasiasa wameitumia hivyo mara nyingi.

Lakini katika nafasi hizo, 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, ile ambayo Wakenya wanaiita jua kali. Hapa huhesabiwa mchuuzi wa mitumba, mwendesha bodaboda, fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara na mama anayekaanga viazi kwenye kibanda. Nafasi za ajira rasmi, zenye mkataba, mshahara wa mwezi na michango ya uzeeni, zilibaki kama 78,600 tu. Kwa maneno mengine, kati ya kazi kumi mpya, tisa zilikuwa za mtu kujitafutia mwenyewe.

Hapana aibu katika jua kali. Ndiyo iliyowasomesha watoto wengi ambao leo wana shahada. Tatizo ni kwamba vijana hao walisomeshwa kwa ahadi nyingine. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mwanawe afike chuo kikuu hakufanya hivyo ili mwana huyo arudi kijijini kununua pikipiki kwa mkopo. Kadiri idadi ya pikipiki inavyoongezeka katika kituo kimoja, ndivyo abiria wanavyogawanywa na ndivyo kipato cha kila mmoja kinavyopungua.

Kijana anayefikiria kuondoka hufanya hesabu nyepesi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na wengi hulipwa chini ya hapo bila mtu kuuliza. Mkataba wa kazi hiyohiyo nchini Saudi Arabia humpa Mkenya takriban riyali 900 hadi 1,000, yaani zaidi ya shilingi 30,000, pamoja na chakula na malazi. Mtu hahitaji kuwa mchumi ili kuona tofauti hiyo.

Hata waliosoma sana

Ingekuwa kosa kudhani kwamba wanaoondoka ni wasio na elimu pekee. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza katikati ya Machi na kudumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na suala la madaktari wanafunzi waliohitimu na kukaa bila kupangiwa vituo. Mkataba wa mwaka 2017 uliwapa malipo ya shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilitaka kuwalipa 70,000 ikisema haina fedha.

Hapa kuna kitendawili. Hospitali za kaunti zinalia kwa uhaba wa watumishi, wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, na wakati huohuo madaktari na wauguzi waliosomeshwa kwa gharama kubwa hawana kazi. Anayeshindwa kuwaajiri si mgonjwa, bali ni bajeti inayobanwa na mishahara na madeni. Julai 2021 Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wasio na ajira. Novemba mwaka huohuo Uingereza ikaiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawapaswi kwenda kuwashawishi wauguzi nje ya makubaliano ya Serikali mbili, kwa kuhofia kuzidhoofisha hospitali za Kenya.

Kwa hiyo nchi ina wauguzi wa ziada kwenye vitabu vya hazina na upungufu wa wauguzi wodini. Muuguzi anayepanda ndege katika hali hiyo hawezi kulaumiwa kwa kukosa uzalendo. Nchi ndiyo iliyomwambia kwamba haina nafasi yake.

Funzo la ndege za Mboya

Kusafiri kwenda mbali kutafuta maisha si jambo geni Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1959 na 1963, mpango ulioongozwa na Tom Mboya uliwapeleka Marekani karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikwenda mwaka 1960 na kurejea mwaka 1966.

Tofauti ya safari zile na za leo haiko katika ndege, bali katika kilichokuwa kikimngoja msafiri. Taifa lilikuwa likipata uhuru. Viti vya wakoloni katika wizara, benki, vyuo na mashirika ya umma vilihitaji watu. Aliyekwenda alijua kwamba akirudi na shahada kuna ofisi yenye jina lake, au angalau ya mtu kama yeye.

Hata enzi hiyo mambo hayakuwa safi. Maathai mwenyewe alieleza kwamba aliporejea alikuta kazi aliyoahidiwa katika chuo kikuu amepewa mtu mwingine, naye aliamini kwamba jinsia yake na kabila lake vilichangia. Aliendelea kwa sababu mlango mwingine ulikuwepo karibu. Leo malalamiko ya upendeleo na kujuana ni yaleyale, ila milango mingine imekuwa michache. Kijana anayeamini kwamba nafasi zilizotangazwa tayari zina wenyewe hujifunza mapema kutazama uwanja wa ndege.

Kugeuka kwa upepo kulianza miaka ya 1980 na kukamilika miaka ya 1990. Masharti ya wafadhili yalibana ajira serikalini, watumishi wakastaafishwa kabla ya wakati, mashirika ya umma yakauzwa au kufa, na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi kabla viwanda vya ndani havijajiandaa kushindana. Tangu hapo kuondoka kukawa si kwenda kuchukua kitu na kurudi nacho, bali kwenda kutafuta mahali pa kukaa.

Mlango wa Uarabuni

Njia inayopitwa na vijana wengi zaidi wasio na shahada, hasa wanawake, ni ya nchi za Ghuba. Kwa watu wa Pwani si njia ngeni. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya pasipoti. Lakini anayeondoka leo haendi kwa jamaa wala kwa mshirika wa biashara. Anakwenda chini ya mfumo wa kafala.

Chini ya mfumo huo, kibali cha kuishi cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Akitoka katika nyumba ya mwajiri bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kukamatwa. Mwajiri kwa upande wake amelipa wakala ada kubwa ya kumleta mfanyakazi huyo, na baadhi yao huichukulia ada hiyo kama bei ya kumnunua. Ndipo huanza habari za pasipoti na simu kunyang'anywa, mishahara kucheleweshwa na kazi zisizokuwa na saa ya kumalizika. Saudi Arabia ilifanya marekebisho Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kubadili mwajiri, lakini watumishi wa nyumbani, ambao ndio wenye hatari kubwa zaidi, hawakujumuishwa.

Matokeo yanajulikana. Mwishoni mwa mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, wengi wakitajwa kufa kwa moyo kusimama. Machi 2025 gazeti la The New York Times liliripoti vifo vya Wakenya visivyopungua 274 nchini humo katika miaka mitano, wengi wao wanawake, 55 kati yao katika mwaka 2024 pekee. Wanawake hawa walipimwa afya kabla ya kusafiri. Gazeti hilo liliandika pia kwamba miongoni mwa wanaonufaika na biashara ya kuwasafirisha wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki wamo watu wenye madaraka.

Kenya imewahi kujaribu kufunga mlango huo. Mwaka 2012 ilizuia kupelekwa kwa watumishi wa nyumbani Saudi Arabia, na mwaka 2014 ikafuta leseni za mawakala 930. Wasichana waliendelea kuondoka kupitia nchi jirani, safari hii bila hata karatasi ya kuonyesha wamekwenda kwa nani. Zuio likaondolewa mwaka 2017. Funzo lilikuwa kwamba amri ya kuzuia safari haimzuii mtu ambaye sababu ya safari yake iko palepale.

Anayekosa pengine hana sauti

Mara nyingi Ufilipino hutajwa kuwa mfano. Nchi hiyo ilianza kupeleka wafanyakazi nje kwa mpango wa Serikali mwaka 1974. Baada ya mtumishi wa nyumbani, Flor Contemplacion, kunyongwa Singapore Machi 1995 na wananchi kuwaka hasira, ilitunga sheria ya kuwalinda wahamiaji mwaka huohuo. Mwaka 2006 iliweka dola 400 kuwa mshahara wa chini kabisa wa mtumishi wa nyumbani anayekwenda nje. Mwaka 2018, baada ya maiti ya mfanyakazi kukutwa ndani ya friza nchini Kuwait, ilizuia raia wake kwenda huko hadi ilipopata makubaliano ya kuwaruhusu kukaa na pasipoti na simu zao.

Ndiyo maana katika nyumba mbili za mtaa mmoja wa Riyadh, Mfilipino aweza kulipwa riyali 1,500 na Mkenya 900 kwa kazi ileile. Tofauti haitokani na ustadi wa kupiga pasi. Inatokana na Serikali iliyo nyuma ya kila mmoja, na ujasiri wa Serikali hiyo kusema hapana.

Hata hivyo, mfano wa Ufilipino una upande wa pili usiosemwa sana. Mpango wa mwaka 1974 ulikusudiwa kuwa wa muda, mpaka uchumi wa ndani utakapoimarika. Nusu karne baadaye, mamilioni ya Wafilipino bado wako nje, na mwaka 2021 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuunda wizara kamili ya wafanyakazi wahamiaji. Dawa ya kutuliza imekuwa chakula cha kila siku.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Nguvu ya kujadiliana haipatikani katika chumba cha mazungumzo. Hupatikana katika kile ambacho mtu anaweza kurudia akikataa. Msichana mwenye kazi ya shilingi 25,000 mjini kwao hawezi kukubali mkataba wowote atakaowekewa mbele. Serikali ambayo vijana wake wana kazi haihofii kusitisha safari kwa mwaka mmoja. Lakini Serikali inayoogopa kwamba kila aliyezuiwa kuondoka atarudi barabarani na bango, itatia saini haraka na kusoma baadaye.

Udhaifu huohuo ndio mtaji wa matapeli. Tangu mwaka 2022 Wakenya wamekuwa wakiokolewa kutoka kambi za ulaghai wa mtandaoni nchini Myanmar, walikofikishwa kwa kuahidiwa kazi za ofisini Thailand. Mwaka 2023 wazazi katika Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizokuwa wamelipa katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao vyuo vya Finland na Canada. Novemba 2025 Serikali ya Kenya ilieleza kwamba zaidi ya raia wake 200 walikuwa wakipigana vita upande wa Urusi, baadhi wakiwa wamevutwa kwa ahadi za kazi nyingine kabisa.

Katika visa hivi vyote, walionaswa si watu wajinga. Wengi wana vyeti na simu za kuwawezesha kuperuzi intaneti. Wamenaswa kwa sababu mtu aliyepiga hodi milango hamsini bila kufunguliwa hatauchunguza sana ule wa hamsini na moja unaofunguka.

Fedha zinazorudi

Upande wa faida hauna budi kutajwa kwa haki. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya nchi hiyo kutokana na chai. Zaidi ya nusu ilitoka Marekani, na Saudi Arabia imepanda hadi kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu. Fedha hizo hulipa karo, hununua dawa, huezeka nyumba za wazazi na huiokoa shilingi inapoyumba.

Zina sifa moja njema kuliko misaada na mikopo: hazipiti katika ofisi ya mtu. Hufika moja kwa moja mkononi mwa mama aliye Kakamega au Malindi, mara nyingi kwa simu.

Lakini fedha za namna hiyo ni za kula na kusetiri kuliko za kuanzisha. Mtumaji mmoja ana ndugu sita wanaomtegemea, na hawezi kuweka akiba ya mtaji wakati kila wiki kuna aliyelazwa au aliyefukuzwa shule. Sehemu nyingine humezwa njiani: kutuma dola 200 kuja nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu asilimia nane, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia tatu ifikapo mwaka 2030. Aidha, mfereji huo hufunguliwa na kufungwa na wengine. Mwaka 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kutoza kodi ya asilimia moja kwa fedha taslimu zinazotumwa nje, kuanzia Januari 2026. Mkenya hakuulizwa.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Methali hiyo haimlaumu ndugu anayetoa. Inamwonya yule aliyejenga nyumba yake yote juu ya utoaji huo.

Kazi zilizokuwepo

Mazungumzo ya kubuni ajira huendeshwa kana kwamba nchi haijawahi kuwa nazo. Pwani ya Kenya ilikuwa na kiwanda cha sukari Ramisi, kilichosimama mwaka 1988. Ilikuwa na kiwanda cha korosho Kilifi, kilichoanzishwa miaka ya 1970 na kufa miaka ya 1990 baada ya kubinafsishwa. Mkulima wa mkorosho alibaki kuwauzia madalali korosho ghafi kwa bei wanayoitaka wao. Wasichana wa Kilifi wanaofanya kazi za ndani Jeddah na Dammam leo ni wajukuu wa kizazi kilichobangua korosho katika kiwanda hicho.

Eldoret kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Rivatex. Kilifungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo ya kisasa. Kufufuka huko ni jambo la kusifiwa, lakini kumeonyesha pia ugumu wake: mitambo iko tayari na pamba haitoshi, kwa kuwa wakulima waliovunjwa moyo miaka ya 1990 waling'oa pamba na hawajarudi wote. Kiwanda peke yake si kazi. Kazi ni mnyororo unaoanzia kwa mbegu na kuishia dukani, na pete moja ikikatika zote zinalegea.

Maamuzi ya Serikali yenyewe huweza kuua kazi nyingi kuliko mifuko yake ya vijana inavyoweza kuzaa. Baada ya reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi kuanza kubeba mizigo mwaka 2018, Serikali ilielekeza kontena zipelekwe kwa treni hadi bandari kavu ya Nairobi ili mkopo wa reli ulipike. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana. Madereva wa malori, makuli, mafundi wa magurudumu, wenye maghala na mama lishe wa miji ya njiani kama Mariakani, Voi na Mtito Andei walikuwa wameona riziki ikiwapita relini. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022, lakini biashara iliyokufa haifufuki kwa tangazo.

Mikopo midogo na masoko madogo

Kwa miaka 20 jibu kuu la Serikali limekuwa mikopo. Mfuko wa Maendeleo ya Vijana ulianzishwa mwaka 2006, ukafuatiwa na Mfuko wa Uwezo mwaka 2013, na Novemba 30, 2022 ukazinduliwa Mfuko wa Hasla unaotoa kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka, huku mkopo wa mtu binafsi ukitakiwa kurudishwa ndani ya siku 14.

Mkopo wa siku 14 humwezesha mtu kununua magunia mawili ya viazi na kuyauza. Haumwezeshi kununua cherehani tano na kuajiri mafundi watano. Ndiyo maana mikopo ya namna hiyo huongeza wachuuzi wa bidhaa ileile katika mtaa uleule, bila kuongeza fedha zilizo mifukoni mwa wanunuzi. Shida ya kijana wa leo si mtaji peke yake. Ni soko.

Soko kubwa kuliko yote ni Serikali yenyewe, na sheria ipo. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengwa kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi waliojaribu walishinda zabuni, wakakopa benki, wakapeleka mizigo, kisha wakangoja malipo mwaka, miaka miwili, hadi mnada ukawafikia. Madeni ambayo wizara na kaunti hazijawalipa wafanyabiashara ni mabilioni ya shilingi. Kuyalipa madeni ya kampuni ndogo kwa wakati kungeokoa ajira nyingi bila kuunda mfuko mpya wala kuandaa sherehe ya uzinduzi.

Kuna na suala la kusindika mazao. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani, lakini sehemu kubwa huondoka Mombasa ikiwa katika magunia, ikachanganywe na kupakiwa katika nchi nyingine zisizo na hata mche mmoja wa chai. Kwa upande wa makadamia, sheria ya mwaka 2009 ilizuia kusafirisha nje njugu zisizobanguliwa, na viwanda vya kubangua vikaongezeka katika maeneo ya Mlima Kenya, vikiajiri hasa wanawake. Hata hivyo bei ya mkulima ilipoanguka, Serikali ililegeza zuio hilo kwa muda mwaka 2023. Somo ni la pande mbili: kusindika nyumbani huzaa kazi, lakini kukifanywa kwa kumkandamiza mkulima, mkulima atakata miti yake na kazi zitapotea shambani na kiwandani.

Haki ya kwenda na haki ya kubaki

Haya yote hayana maana kwamba vijana wazuiwe kusafiri. Kusafiri ni haki yao, na wapo wengi waliofanikiwa na kurudi na ujuzi, mitaji na mawazo mapya. Makubaliano na Ujerumani, yakitekelezwa kwa ukweli na si kwa idadi za kuvutia makofi, yanaweza kuwa bora mara nyingi kuliko kumwachia wakala wa mtaani. Yanayotakiwa katika upande huo yanajulikana: mikataba isomwe na Bunge kabla ya kutiwa saini, mawakala wenye vifo visivyoelezwa wafungiwe na wamiliki wao watajwe, na balozi za Ghuba ziwe na maafisa wa kazi na nyumba za hifadhi za kutosha.

Lakini haki ya kwenda haikamiliki bila haki ya kubaki. Ibara ya 55 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali kuchukua hatua za kuhakikisha vijana wanapata ajira, na ibara hiyohiyo inataka walindwe dhidi ya kunyonywa. Waliotunga Katiba waliyaweka mambo hayo mawili katika ibara moja kwa sababu yanategemeana. Asiye na kazi kwao hana kinga dhidi ya mnyonyaji, awe wa Nairobi au wa Riyadh.

Kwa hiyo kipimo cha sera hakipaswi kuwa idadi ya waliopanda ndege katika mwaka wa fedha. Kipimo kinachofaa ni idadi ya walioitwa na wakala, wakasoma mkataba, wakalinganisha na walichonacho, kisha wakamjibu kwamba kwa masharti hayo hawaendi. Siku jibu hilo litakapokuwa la kawaida Kilifi, Kisumu na Eldoret, hata watakaoamua kwenda watakwenda kwa bei nyingine na kwa heshima nyingine.